Mashamba ya Ng'ambo ya Mto

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua imenyesha tangu jana alasiri. Leo nimeanza darasa la Jumamosi katika chumba cha kufulia nguo kilicho ghorofa ya juu. Aliyeniomba ni Bwana Gustave, mwenyekiti wa wapangaji na shemasi wa kanisa lao. Anasema watu wa jengo hili, ambao wengi wametoka Kongo, wanajua siasa za kwao na bei za hapa Durban, lakini katikati hapana kitu. Nilifundisha Kiswahili na historia Machakos hadi nilipostaafu, kwa hiyo sikuwa na udhuru.

Hardy, kijana anayeuza simu kwenye meza iliyo ndani ya saluni ya chini, ndiye aliyeuliza swali la maana. Mwezi uliopita alipeleka simu Maseru, mji mkuu wa Lesotho.

"Mwalimu, ile inchi ya Lesotho iko ndani ya tumbo ya South Africa. Pande zote ni South Africa. Sasa juu ya nini haikumezwa?"

Nilimsahihisha Kiswahili kidogo, kisha nikamwahidi jibu la Jumamosi kadhaa, kwa kuwa ni jibu refu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Tumbili waliingia jikoni wakachukua mkate mzima.

Alhamisi, 6 Novemba

Binti yangu Deborah, ambaye anafundisha chuo kikuu kule Westville na ndiye aliyenileta kuishi naye hapa Berea, amerudi na habari mbaya. Kuna kikundi cha watu wanaosimama mlangoni pa kliniki moja mjini na kudai vitambulisho. Mgeni hapiti. Amenikataza kwenda kuchukua dawa zangu za presha peke yangu.

"Nina kibali," nikamwambia.

"Baba, hao hawasomi kibali. Wanasikiliza unavyoongea."

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefundisha habari za mlima. Niliwaeleza jinsi Mfalme Moshoeshoe, mwasisi wa Lesotho, alivyowakusanya watu waliotawanywa na vita, akawapandisha juu ya Thaba Bosiu, mlima wenye kilele kipana, chemchemi na njia chache za kupandia. Adui wa kwanza wakaja, wakaporomoshewa mawe, wakashindwa. Walipokuwa wanaondoka kwa njaa, mfalme akawatumia ng'ombe wa kula njiani, pamoja na ujumbe kwamba anajua ni njaa iliyowaleta. Jeshi lile halikurudi tena.

Hardy alicheka. "Unapiga mutu, kisha unamupa nyama? Ule hakukuwa mfalme, alikuwa pasta."

"Nyamaza," akasema Immaculée. "Wewe hata kupiga haujapiga, na nyama unakula yangu."

Darasa zima likacheka. Immaculée ndiye mwenye saluni, mjane kutoka Bukavu. Hufika amechelewa, mikono inanukia mafuta ya nywele, na redio yake hunguruma chini yangu kutwa nzima. Simwoni kuwa mwanafunzi wa kweli.

Jumatano, 12 Novemba

Joto la kukaba koo. Dawa za presha zimekwisha. Deborah ataninunulia kwa bei ya duka.

Jumamosi, 15 Novemba

Somo la pili. Mwaka 1852 gavana wa Waingereza alipanda na jeshi lake kumwadhibu mfalme, wakapigana kwenye uwanda unaoitwa Berea, kama mtaa wetu huu. Gavana alirudishwa nyuma. Usiku uleule mfalme akamwandikia kwamba amekwisha kuadhibiwa vya kutosha na anaomba amani. Gavana akapata neno la kurudi nalo kwa wakubwa wake, akaondoka.

"Lakini mfalme alishinda," akasema Hardy.

"Alishinda."

"Na akaomba musamaha?"

"Aliomba amani. Aliyemshinda leo jirani mkubwa kuliko yeye, bado kesho ana jirani mkubwa kuliko yeye."

Bwana Gustave aliinamisha kichwa kama anayesikia mahubiri. Hardy alitazama simu yake.

Alhamisi, 20 Novemba

Kikundi kimepita na ngoma barabara ya chini, wakiwaambia wenye maduka wa kigeni wafunge. Hawakupanda huku kwetu. Nimejikuta nimesimama nyuma ya pazia kwa muda mrefu, nikiwa nimeshika kikombe kitupu.

Jumatatu, 24 Novemba

Wamekuja. Saa nne asubuhi nilisikia wimbo kabla ya kuwaona. Walikuwa kama sitini, wamevaa fulana za rangi moja, wakisimama mbele ya geti letu. Aliyewaongoza alivaa koti la mvua la manjano; baadaye nilijua anaitwa Ngcongo. Alipaza sauti kwa kipaza sauti kwamba jengo hili litoe wageni wake kabla ya Krismasi.

Deborah alikuwa kazini. Nilifunga mlango, nikaketi kitandani.

Walipoanza kulisukuma geti, Hardy na wenzake walikunjua mpira wa kuzimia moto, wakafungua maji. Nilitoka kwenye roshani. Maji yaliwapiga vifuani, wakarudi nyuma, wakatawanyika. Ngcongo aliteleza kwenye nyasi za mteremko, akaanguka kifudifudi, na suruali yake ikapasuka nyuma mbele ya watu wote. Jengo zima lilipiga vigelegele. Na mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aliposimama hakutazama geti. Alitazama juu, roshani kwa roshani, polepole, kama mtu anayehesabu. Kicheko kikaniishia.

Jumanne, 25 Novemba

Hardy alirekodi video ya anguko lile, akaiwekea muziki wa kuchezea, akaisambaza. Deborah amepiga simu kutoka Westville: wanafunzi wake wameiona. Nilishuka ngazi nikamwambia Hardy aifute.

"Papa Mwalimu, hata nikifuta. Ile kitu imetoka mukononi yangu. Iko mpaka Johannesburg."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimefanya watu bacheke. Miezi mingapi hatujacheka hapa?"

Immaculée alikuwa akisuka kichwa cha mteja. Alisema bila kugeuka, "Cheka, Hardy. Atakuja kucheka mwisho ule mwenye hakuna suruali."

Jumamosi, 29 Novemba

Hakuna darasa. Wamerudi alfajiri, na safari hii wamekuja kukaa. Wamefunga turubai tatu kando ya barabara. Gari la polisi lilipita, likasimama, likaondoka.

Jumapili, 30 Novemba

Anayetoka haruhusiwi kurudi. Deborah alikwenda soko la alfajiri jana kabla hawajafika, na sasa amelala kwa mwenzake Kemunto kule Westville. Ananipigia kila saa.

"Baba, funga madirisha. Usisimame kwenye roshani."

"Nimefunga."

"Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula. Mvua inanyesha juu ya turubai zao, na kila wanapoimba, vioo vya dirisha langu hutetemeka.

Jumatatu, 1 Desemba

Asubuhi Bwana Gustave alikuja na Biblia kwapani. "Mwalimu, wale ng'ombe," akasema. "Wale batu kule inje wamelowa, wana njaa. Tufanye vile mfalme alifanya."

Nilifurahi. Lazima nikiri kwamba niliona fahari kusikia somo langu likirudi kwangu kwa miguu yake. Immaculée akapika: sufuria mbili za madesu, yaani maharage, wali, na sombe ya majani ya muhogo aliyopanda mwenyewe kwenye ndoo nyuma ya jengo. Saa saba tukafungua geti nusu, tukaweka meza, tukaweka sahani safi na maji ya kunawa. Kisha tukarudi nyuma hatua chache, tukasimama tumekunja mikono, kama watu waliolelewa vizuri wanavyosimama mbele ya wageni.

Walitazama sufuria. Mvuke ulikuwa unapanda. Kijana mmoja alisogea, mwingine akamvuta shati.

Ngcongo akauliza kwa Kiingereza, "Na nyinyi? Hamli?"

"Wageni kwanza," Bwana Gustave akajibu kwa upole wote alio nao. "Sisi tutakula yatakayobaki."

Ngcongo aliniangalia mimi, kwa kuwa ndimi mzee. Nami nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba nisingeweza kugusa chakula kabla yake. Hata niliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima.

Ndipo mwanamke mmoja akasema neno kwa Kizulu, likapita kwao kama moto kwenye nyasi kavu. Sumu. Wameleta sumu. Meza ikapinduliwa. Madesu yakamwagika barabarani, wakayakanyaga, na mawe yakaanza. Tulikimbia. Bwana Gustave alipigwa begani. Nilipofika nyumbani nilikuta kioo cha chumba cha Deborah kimevunjika na jiwe limelala juu ya mto wake.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni bafuni, mahali pasipo na dirisha. Wanasema tumetaka kuwaua. Jana tulikuwa wageni. Leo tumekuwa wauaji.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi geti lilinuka mafuta ya taa. Hayajawashwa. Yamemwagwa tu, tuyanuse.

Kuna familia moja imefunga mizigo, lakini hakuna mahali pa kupitia. Hardy amekaa ngazini, kichwa kikiwa katikati ya magoti.

Nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye uzio unaopakana na nyumba ya Mama Mthalane, mjane aliyezaliwa mtaa huu na ambaye watu wa kikundi humwamkia wakipita. Miaka miwili tumesalimiana kuhusu mvua tu. Alikuwa anachuma pilipili. Tulizungumza Kiingereza.

"Mkhulu," aliniita, yaani babu, "jana niliwaona kutoka barazani. Ni nani aliyewafundisha kupeleka chakula namna ile?"

"Namna gani?"

"Kukiweka na kukikimbia. Kwetu mwenye chungu cha pombe huonja kwanza, mgeni akiona. Asiyeonja ana sababu yake."

"Kwetu kuanza kula mbele ya mgeni ni ulafi. Ningemtia aibu mama yangu kaburini."

"Basi mlikaribia kuuawa kwa sababu ya adabu."

Nilicheka, kisha nikaona machozi yananitoka, nikageuza uso. Alijifanya anatafuta pilipili iliyoiva.

"Pikeni tena," akasema. "Kesho nitakaa mezani nawe, nile. Mimi hawatanirushia jiwe. Nusu yao niliwafuta kamasi. Lakini sikiliza. Yule Ngcongo hawezi kurudi nyumbani na tumbo lililoshiba tu. Nchi nzima imeiona suruali yake. Mpeni kitu cha kuonyesha watu."

Jumatano, 3 Desemba

Nitaandika yote.

Kikao kilifanyika asubuhi nyumbani kwa Bwana Gustave. Tulikuwa wanaume saba. Swali lilikuwa moja: tutampa nini Ngcongo? Mmoja akasema fedha. Tukaona atarudi kesho kudai nyingine. Mwingine akasema tumtoe Hardy aombe radhi. Hardy alisema yuko tayari, na midomo yake ilikuwa imekauka. Lakini tuliogopa wangempiga hadi kufa.

Ndipo nikasimama mimi. Niliwaambia sehemu ya historia ambayo sikuwa nimewafundisha bado. Makaburu walipozidi, mfalme alikubali hatimaye kupoteza mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Caledon, udongo bora kuliko wote aliokuwa nao, na akajiweka chini ya ulinzi wa Malkia wa Uingereza. Alipoteza mashamba, akabaki na mlima. Kwa sababu hiyo, nchi ile ina bendera yake hadi leo. Nikasema kwamba kinachowauma watu wale ni saluni ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayoonekana barabarani. Tuifunge saluni, tuwape ushindi huo, tubaki na nyumba zetu.

Wote walikubali. Bwana Gustave akaomba. Hakuna aliyeuliza Immaculée yuko wapi. Alikuwa jikoni kwake ghorofa ya kwanza, anapika chakula cha kutuokoa.

Saa sita tulishuka. Mama Mthalane alikuwa amekwisha kuketi mezani kwenye kiti chake mwenyewe, amevaa kofia ya kanisani. Umati ulisogea. Wengine walikuwa na fimbo, mmoja alikuwa na chupa, na sikutaka kujua ina nini. Nilikaa. Immaculée alinipakulia.

Nilichukua kijiko cha madesu, nikatia mdomoni. Koo lilijifunga. Nilijua kwamba nikikohoa, nikitema, nikisita tu, watasema ndiyo ile sumu, na jengo litachomwa mchana huo. Nilitafuna. Nilimfikiria Deborah, kisha nikajikataza kumfikiria. Nilimeza. Nikachukua kijiko kingine. Watu wote walikuwa wakitazama koo langu.

Mama Mthalane alikula kwa utulivu, akafuta mdomo, akasema kwa sauti, "Chumvi imepungua."

Mtu akacheka nyuma. Kicheko kikasambaa. Ngcongo akaja, akachukua kijiko changu mkononi mwangu, si kingine, akala kutoka sahani yangu. Akala tena.

Bwana Gustave akamwambia tulichokubaliana. Ngcongo alisikiliza, kisha akapanda juu ya ukuta wa bustani na kipaza sauti. Alitangaza kwamba wageni wameshindwa, kwamba wamepiga magoti, kwamba kuanzia leo saluni ya jengo hili imefungwa na duka litakuwa la wenyeji. Walishangilia. Sisi tulitazama chini, Hardy naye. Nilihesabu huo kuwa ushindi wetu.

Kisha nilimwona Immaculée. Alikuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, anasikiliza kipaza sauti. Ndivyo alivyopata habari.

Mvua ilipoanza saa tisa, walikunja turubai wakaenda zao.

Alhamisi, 4 Desemba

Deborah amerudi. Alinishika mikono yote miwili. Chini, Immaculée anatoa vioo vyake ukutani. Nimesikia kutwa nzima nati zikifunguliwa. Hakuna redio.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilimwamkia ngazini. Alipita.

Jumamosi, 6 Desemba

Darasa lilijaa kuliko siku zote. Watu walinipigia makofi nilipoingia, nikawanyamazisha. Nilifundisha mwisho wa habari: jinsi Waafrika Kusini walivyoitaka nchi ile kwa miaka mingi, jinsi watu wake walivyoendelea kukataa, na jinsi bendera ilivyopandishwa Oktoba 1966. Nilikuwa ninafunga kitabu Immaculée aliponyoosha mkono. Alikuwa amekaa mbele, na hakuwa amechelewa.

"Mwalimu, wale batu ya ng'ambo ya muto. Ile siku mfalme anatoa mashamba yabo, alibauliza?"

"Sijui," nikasema. "Sijapata kusoma hivyo."

"Na bao balienda wapi?"

"Wengine walipanda milimani, ambako hapakuwa na nafasi ya kulima. Wengine walibaki wakawa vibarua katika mashamba yaliyokuwa yao."

"Hata leo?"

"Hata leo wengi huvuka mto kutafuta kazi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja anayejiangalia kwenye kioo baada ya kusukwa. "Sawa. Kwa hiyo mulima ulipona."

Bwana Gustave akaanza kusema kwamba hapakuwa na muda, kwamba ilikuwa hatari, kwamba sote tumenusurika.

"Papa Gustave, mimi sikatae," akasema. "Labda na mimi ningesema mufunge. Watoto wangu bako humu ndani. Lakini nilikuwa kwa jikoni. Jikoni si mbali. Mungeniita."

Akachukua mkoba wake akatoka. Somo halikuwa na mwisho mwingine.

Jumanne, 9 Desemba

Duka limefungwa kwa kufuli mpya. Hakuna mwenyeji aliyelifungua. Immaculée anasukia watu nyumbani kwake, wale wanaothubutu kuja. Wengi hawathubutu.

Alhamisi, 11 Desemba

Silali vizuri. Kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya geti, ninaamka.

Jumamosi, 13 Desemba

Asubuhi Ngcongo alileta ujumbe kwa mkono wa kijana. Sasa wanataka na ua wa nyuma wa kuegesha magari, na wanataka kuambiwa ni watu wangapi wanaishi katika kila nyumba. Anasubiri jibu kesho. Bwana Gustave ameitisha kikao saa kumi nyumbani kwake, wale wale saba. Alinipigia simu akasema, "Mwalimu, njoo na wazo, kama siku ile."

Sina wazo. Nina hofu ile ile tu.

Saa kumi kasorobo nilitoka. Badala ya kwenda kwa Bwana Gustave, nilishuka hadi ghorofa ya kwanza, nikabisha mlango wa Immaculée.

"Nani?"

"Mimi. Mwalimu Mutua. Kikao kinaanza. Nimekuja kukuita."

Nilisikia maji yakichemka, na sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza kama aondoke. Kisha mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa na kitana mdomoni na mafuta mikononi. Alinitazama usoni, kisha miguuni, kama anayetafuta nimeficha wapi jambo lingine.

"Nina kichwa cha mutu nusu," akasema. "Nikiacha, ataenda na nusu."

"Malizia."

"Itachukua saa moja. Labda na zaidi."

"Watangoja."

"Bamekubali kungoja?"

"Bado sijawaambia."

Alirudi ndani. Hakufunga mlango. Palikuwa na kiti cha plastiki kizingitini, nikakaa. Simu yangu ililia mara ya kwanza, kisha ya pili, jina la Bwana Gustave likiwaka. Niliizima, nikaiweka mfukoni. Barabarani pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya geti, na sote watatu tukaisikiliza hadi ilipopita.